Je, Mpango wa Chakula cha Kulipia Kabla Unaifaa Familia Yako Walt Disney World? Mwongozo kwa Wazazi wa Arusha na Moshi

Familia ya Arusha au Moshi inayopanga kwenda Walt Disney World, eneo la bustani za burudani katika jimbo la Florida nchini Marekani, hukutana na swali moja mapema sana, mara nyingi kabla hata ya viza kupatikana: je, mngependa kuongeza mpango wa chakula kwenye bei ya chumba? Swali hilo huwekwa kwa namna inayomfanya mzazi ahisi kwamba akikataa atakuwa amewaacha watoto na njaa ugenini. Hofu hiyo haina msingi. Ziko familia zinazonufaika na mpango huo, na ziko zinazolipia chakula ambacho hazikili, na kinachozitofautisha zaidi ya kipato ni namna kila moja inavyokula. Kwa sababu hiyo naamini uamuzi huu unapaswa kuanzia mezani kwenu nyumbani, kabla hamjasoma tangazo lolote.

Sisi tunaoishi katika mji wa utalii tuna mazoea yanayoweza kutupotosha. Anayezijua hoteli za ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro anajua kwamba kule chumba huuzwa pamoja na milo yote, na ni haki kabisa, kwa kuwa geti hufungwa saa kumi na mbili jioni na hakuna mama lishe wala mgahawa wa jirani wa kukimbilia. Walt Disney World, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, ina hali tofauti. Kuna bustani nne kubwa za burudani, hoteli nyingi, na sehemu za kula kila baada ya hatua chache, kuanzia kibanda cha aiskrimu hadi mgahawa wa kuvaa nguo nzuri. Mgeni anaruhusiwa pia kuingia bustanini na chakula chake, mradi hakibebwi katika vyombo vya kioo na hakuna pombe, na migahawa ya kaunta humpa maji ya baridi kwa kikombe bila malipo akiomba. Pale, mnacholipia kwenye mpango wa milo ni utulivu wa kujua gharama kabla ya kuondoka nyumbani. Utulivu huo una thamani, lakini una bei, na bei hiyo inapimika.

Unachonunua hasa

Mpango ulisitishwa mwaka 2020 wakati wa janga la Uviko-19, ukarejeshwa tarehe 9 Januari 2024 ukiwa na aina mbili. Aina ya kwanza ni ya migahawa ya kaunta, ambako mtu huagiza, hupokea sinia lake na kutafuta meza mwenyewe. Kila mtu hupata milo miwili ya namna hiyo na kitafunwa kimoja kwa kila usiku anaolala hotelini. Aina ya pili humpa mlo mmoja wa kaunta, mlo mmoja wa kuhudumiwa mezani na kitafunwa kimoja. Zote mbili huja na kikombe cha kujaza soda, chai au kahawa mara nyingi mtakavyo, ila hujazwa katika hoteli za Disney tu, hakijazwi ndani ya bustani. Wengi hulitambua jambo hilo wakiwa wamekwisha kukibeba kikombe siku nzima juani.

Haki hizo za milo na vitafunwa nitaziita kuponi, ingawa si karatasi. Huhifadhiwa kwenye mfumo wa hoteli na kukatwa kila mnapokula. Masharti yake ndiyo yanayoamua mengi kuliko bei. Mpango huuzwa kwa wanaolala katika hoteli za Disney pekee, pamoja na kifurushi cha safari, na kila aliyeandikwa katika chumba hicho kuanzia miaka mitatu lazima anunuliwe mpango ule ule kwa siku zote. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hahitaji mpango, anakula kwenye sahani ya mzazi. Wa miaka mitatu hadi tisa huhesabiwa kuwa mtoto na huagiza kwenye orodha ya watoto pale ilipo. Akifikisha miaka kumi, kwa Disney yeye ni mtu mzima.

Mpango ulipoanza tena mwaka 2024, ule wa kaunta uliuzwa kwa dola 57.01 kwa usiku kwa mtu mzima na dola 23.83 kwa mtoto, na ule wenye mlo wa mezani kwa dola 94.28 na dola 29.69. Bei hubadilika kila mwaka, kwa hiyo chukueni bei ya mwaka wenu na mzitumie hesabu zifuatazo kama kielelezo.

Hesabu ya watu wanne

Tuchukue baba, mama, binti wa miaka kumi na mmoja na kijana wa miaka sita, wakikaa usiku tano. Kwa bei hizo, mpango wa kaunta ungewagharimu dola 194.86 kwa usiku, yaani dola 974.30 kwa safari nzima. Mpango wa mezani ungekuwa dola 312.53 kwa usiku, jumla dola 1,562.65. Tazameni nafasi ya binti: katika mpango wa mezani, miaka yake kumi na mmoja inaongeza dola 64.59 kila usiku kuliko angekuwa na miaka tisa, ingawa tumbo lake huenda ni lile lile. Familia yenye watoto wawili wa miaka minne na saba iko katika hali nzuri zaidi mbele ya mpango huu kuliko yenye vijana wawili wa sekondari wanaokula kidogo.

Sasa linganisheni na kulipa papo kwa papo. Tuseme mtu mzima anachukua sahani ya kaunta ya dola 14 na kinywaji cha dola 5, mara mbili kwa siku, halafu kitafunwa cha dola 7: jumla ni dola 45. Ongezeni sehemu ya kikombe, tuseme dola 4 au 5 kwa siku, na bado hajafikia dola 57. Ili aufikie mpango, itabidi kila mara achague sahani iliyo ghali zaidi kwenye ubao. Mtoto, kwa upande wake, anaweza kurudisha dola 23.83 zake bila shida. Na kwenye mpango wa mezani, mlo mmoja tu wa bufee pamoja na akina Mickey Mouse waweza kukaribia au kupita gharama ya mtoto ya siku nzima.

Kuna jambo ambalo familia nyingi za kwetu hazilioni. Kila mlo katika mpango huja na kinywaji, na kwa aliyetimiza miaka 21 kinywaji hicho kinaweza kuwa bia, mvinyo au pombe nyingine. Pombe ni ghali bustanini, na sehemu kubwa ya thamani inayotangazwa kwa mtu mzima iko hapo. Wazazi wasiokunywa, kwa dini au kwa hiari yao, watakuwa wakikomboa soda kwa kuponi iliyopangiwa bei ya glasi ya mvinyo. Kwa maoni yangu, kwa familia isiyokunywa, mpango wa mezani una maana pale tu wanapokusudia kula na wahusika wa katuni karibu kila siku. Bila hivyo, walipe wanachokula.

Jaribio la Jumamosi moja

Kabla ya kuamua, fanyeni jaribio. Chagueni Jumamosi mnayokwenda Chemka, au Ziwa Duluti, au popote ambapo watoto hushinda wakicheza juani, na mmoja wenu aandike kwenye daftari kila kinacholiwa, nani amekila na saa ngapi. Huenda mkaona kijana wa miaka sita akiuma paja la kuku mara mbili, akimaliza juisi yote, akiusukuma wali pembeni, kisha nusu saa baadaye akililia andazi. Binti atakula chipsi za mdogo wake na kudai ameshiba. Mama atakuwa amekunywa chai asubuhi na hatahisi njaa hadi saa tisa. Daftari hilo ndilo linaloonyesha mtakavyokula Florida, kwa sababu joto, msisimko na kutembea ndivyo vitakavyowaongoza kule pia.

Likionyesha vitu vidogo vidogo vya kila wakati, hata milo miwili ya kaunta kwa siku ni mingi kwenu, maana sahani za kule ni kubwa na sahani moja hutosha mama na mtoto. Likionyesha kwamba familia yenu hutulia kabisa adhuhuri, mkakaa, mkala chakula kamili na kupumzika, basi mlo wa mezani utawafaa mwili na roho, na mpango wa pili unastahili kuhesabiwa kwa makini.

Bibi akisafiri nanyi, mfikirieni peke yake. Mzee aliyezoea uji wa asubuhi, mtori na ndizi hatabadilika kuwa mlaji wa baga kwa sababu amevuka bahari, na kuponi zake zitabaki. Kwa bahati nzuri kuponi za chumba kimoja hukaa katika fungu moja, hivyo wengine wanaweza kuzitumia. Lakini njia bora ni kumwandikia yeye na shangazi chumba kingine kwa oda tofauti isiyo na mpango, kwani sharti la wote kununua huhusu walio katika oda moja. Familia za Kiislamu nazo zisidhani kwamba kuku wa kaunta amechinjwa kwa taratibu za dini. Ulizeni wakati wa kuweka nafasi ya meza, na mkiona kwamba mtabaki na samaki na mboga siku zote, mpango hauwafai.

Saa za Orlando

Hili ndilo ninalolihimiza zaidi kwa wazazi wanaoondokea KIA. Orlando, mji ulio karibu na Walt Disney World, iko nyuma yetu kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na saa nane wakati wa baridi. Meza iliyowekwa saa moja jioni ya kiangazi inaangukia saa nane usiku kwa mwili wa mtoto aliyefika jana kutoka Arusha. Atalala kichwa kikiwa juu ya kitambaa cha meza, na kuponi ya mlo itakuwa imekwisha kukatwa. Siku mbili tatu za kwanza wekeni milo ya mezani asubuhi au mchana. Watoto watakuwa wameamka usiku wa manane wakidai kula, na bufee ya asubuhi itawakuta na njaa ya kweli. Kumbukeni pia kwamba mnalipia kwa usiku, hivyo mkitua saa tano usiku, kuponi za usiku huo mmezinunua hata kama mmelala bila kula.

Nafasi za meza hufunguliwa siku 60 kabla, saa kumi na mbili asubuhi ya kule, ambayo kwetu ni saa saba au saa nane mchana. Ni faida kubwa: mnaweza kukaa na simu mchana mkachagua wakati wenyeji wao wengi wamelala. Angalieni tu kila mgahawa unakata kuponi ngapi. Cinderella's Royal Table, iliyo ndani ya kasri, hukata mbili kwa kila mtu; katika hoteli ya Animal Kingdom Lodge, mgahawa uitwao Jiko nao hukata mbili, lakini bufee ya Boma hukata moja, nami ningempeleka bibi huko kwanza.

Bakshishi haimo ndani ya mpango, na wengi hulijua hilo wakati mhudumu ameshaleta bili. Kwenye migahawa ya mezani desturi ni asilimia 18 hadi 20 ya thamani ya chakula, na kundi la watu sita au zaidi huongezewa asilimia 18 moja kwa moja. Kwa mlo wenye thamani ya dola 200, hiyo ni dola 36 au zaidi, kila siku mnayokaa mezani. Ulizeni benki yenu kikomo cha kadi kwa siku na ada ya kulipa kwa dola. Hapa mpango una faida ya haki: chakula kikiwa kimelipiwa, mtapitisha kadi mara chache.

Kuhusu wakati wa kulipa, msiharakishe. Mpango unaweza kuongezwa baada ya chumba kuwekwa, kwa hiyo subirini viza za wote zitoke na msome masharti ya kurudishiwa fedha. Kuponi zisizotumika hufa usiku wa manane wa siku ya kuondoka na hazirudishwi pesa. Asubuhi hiyo ulizeni kaunta zimebaki ngapi, na vitafunwa vilivyosalia mchukue vikavu vilivyofungwa, kama biskuti na njugu, viwe vya watoto kwenye ndege ya kurudi.