Walimu wako hawasaidiani? Anza na mzigo wao kabla hujaanza kuwasema

Hii ni ya walimu wakuu, wakuu wa shule na nyie wa taaluma huku kwetu Kusini, Lindi na Mtwara. Kila tukikaa vikao vya kata wimbo ni uleule, walimu wa siku hizi hawana moyo, mwenzake akiumwa hata kipindi hamshikii, michezo hataki, mwalimu mgeni akija anaachwa ahangaike peke yake. Mi naona moyo upo ila umeliwa na kazi. Mtu akichoka anaanza kupunguza yale ambayo hakuna wa kumuuliza, andalio la somo litakaguliwa, maksi zitadaiwa, lakini hakuna mkaguzi anayekuja kuuliza kama ulimsaidia mwenzako, kwa hiyo hicho ndo kinakatwa cha kwanza.

Kwanza ujue kumtambua aliyechoka. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani ambae kipimo chake cha uchovu wa kazi cha mwaka 1981 bado kinatumika sana, anaangalia mambo matatu. Moja mtu amekauka kabisa, analala na kuamka bado kachoka. Mbili ameanza kuwaona wanafunzi kama kero tu, majina hajui, anawaita "haya ma-form two". Tatu anaona afundishe asifundishe ni sawa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 likasema hali hii inatokana na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa, wakaiweka kama jambo la kazi na sio ugonjwa. Kwa hiyo ukimuona mwalimu wako hivyo usikimbilie kumwambia aombe sana au apunguze pombe, angalia kwanza umempangia nini.

Sasa chukua karatasi upige hesabu, na usiishie kwenye idadi ya vipindi maana ratiba inadanganya. Mwalimu ana mikondo mitatu ya watoto 90 (tangu elimu bila ada ianze 2016 hiyo sio ajabu, ule uwiano wa mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 wengi tunausoma kwenye makaratasi tu), akitoa zoezi moja ana madaftari 270, kila daftari dakika mbili ni dakika 540, yani masaa 9, zoezi MOJA. Afu wewe unataka matatu kwa wiki yakiwa na wino mwekundu, hapohapo yeye ni mwalimu wa zamu, mlezi wa skauti na mtunza stoo. Andika yote hayo kwa kila mwalimu, pamoja na umbali anaotoka na maji anachota wapi. Usicheke hilo la maji, walimu wa uwanda wa juu kule Newala na Tandahimba wananielewa, mtu keshapigania ndoo alfajiri ndo anakuja kusimama mstarini saa moja na nusu anatabasamu.

Ukishapata hiyo karatasi, TOA kabla hujaongeza. Madaftari, kubalianeni kwamba mwalimu atasahihisha kwa sampuli, mengine watoto wabadilishane wasahihishe pamoja ubaoni, na mkaguzi akija wewe ndo ujibu, usimsukumie mwalimu. Ripoti ambayo namba zake zishaandikwa kwenye ripoti nyingine, chukua kule ujaze mwenyewe. Kikao cha matangazo kisiwepo, bandika ubaoni. Grupu la WhatsApp lifungwe jioni, mambo ya kutuma "nahitaji takwimu sasa hivi" saa nne usiku yanamtafuna mtu kuliko unavyodhani. Na chai ya walimu iwepo, hata kama ni ya rangi na mihogo ya kuchemsha, ila mchango usiwe wa kulazimishana.

Hapa ndo pa kukaa kidogo, haki. Mwalimu anavumilia darasa kubwa, anavumilia nyumba mbovu, lakini akiona semina anaitwa yuleyule na kusimamia mtihani anateuliwa yuleyule, anafunga mlango wa kusaidia mtu siku hiyohiyo, na kumfungua tena ni kazi. Kwa yale majina unayopendekeza wewe, weka daftari wazi ofisini, nani alienda, lini, zamu inayofata ya nani. Na aliyeshika vipindi vya mwenzake aandikwe pia, ili naye akiuguliwa ashikiwe.

Namna ya kuomba msaada nayo ina ufundi wake. Usisimame mbele ya walimu useme "tujitolee jamani", hapo kila mtu anaangalia chini, afu anainuka mwalimu mmoja tu, yuleyule mwenye huruma, na huyo ndo atakayekufa mapema. Muite mtu mmoja, mwambie kitu kimoja chenye mwisho: "Mwalimu, naomba umshikie mwenzako hisabati ya la sita mpaka ijumaa, mi nakutoa kwenye zamu wiki ijayo." Na hiyo zamu umtoe kweli. Mwalimu mgeni aliyetoka Mwanza au Moshi akapangiwa Nanyumbu au Liwale mpe mwenyeji wake mmoja anayejulikana, wa kumuonyesha nyumba, soko, na gari linapita lini hasa masika, na huyo mwenyeji mpunguzie kitu. Vile vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) vitumieni kuandaa masomo magumu kwa pamoja, visiwe hotuba.

Alafu kuna msimu wa korosho, huu huwezi kuupanga kwa kalenda iliyoandikwa Dodoma. Oktoba mpaka Desemba watoto wanaokota, watoro wanajaa, wazazi akili iko mnadani korosho zinakouzwa, na hapohapo kuna mitihani ya la nne, form two na form four. Walimu wetu wengi nao wana mikorosho, tusijifanye hatujui. Sasa ukimuwekea rimedio (vipindi vya ziada) ya jumamosi mwezi huo umepata mwili tu. Mada nzito zisogezwe ziishe kabla ya septemba, utoro ufuatiliwe na wenyeviti wa vijiji na kamati ya shule badala ya kumtuma mwalimu wa darasa azunguke mashambani kwa boda ya hela yake.

Mshahara, madaraja na malimbikizo hayako mikononi mwako, usiahidi. Unachoweza ni kumpa ruhusa ya kwenda halmashauri bila kumnunia, au madai ya wote ukayakusanya ukayapeleka mara moja ili watu sita wasiende kwa nauli sita.

Ukiona mtu halali wiki nzima, analia ovyo au anazungumza habari za kufa, hapo sio mambo ya ratiba tena, msindikize hospitali, Ligula kwa watu wa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, ukiwa upande wa Masasi Ndanda iko karibu. Umsindikize wewe au mtu anayemwamini, usimpe barua akaenda peke yake.

Kila mwisho wa muhula gawa vikaratasi visivyo na jina, uliza vitu viwili tu: kazi gani iondolewe, na nani alikusaidia muhula huu. Jina ambalo linajirudia kila karatasi, huyo ndo wa kumpunguzia vipindi januari.