Kupanga duka na mgahawa katika kijiji kidogo

Kabla ya kununua hata katoni moja ya sabuni, jua fedha ya kijiji chako inaingia lini na inatoka wapi. Hapa tumechukua vijiji vya korosho vya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania. Penye tumbaku, alizeti au kahawa miezi itabadilika, ila namna ya kupanga ni ileile.

Katika vijiji hivi minada ya korosho huanza kuchangamka Oktoba, na fedha hutembea mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Kisha mvua huanza, barabara huharibika, na mifuko ya watu hukauka mpaka mavuno ya chakula. Chukua daftari, andika miezi 12, na mbele ya kila mwezi andika watu wanauza nini, wananunua nini na gari linafika au halifiki. Andika na Ramadhani, ambayo husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwezi huo mgahawa hauuzi mchana, lakini duka huuza sukari, tambi, tende na unga wa ngano kuliko kawaida.

Hatua ya pili ni kuhesabu watu. Mtendaji wa kijiji anayo idadi ya kaya, mwombe. Halafu kaa karibu na eneo unalolifikiria kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, na tena saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Fanya hivyo siku ya kawaida, siku ya gulio na siku ya Ijumaa au Jumapili. Hesabu wanaopita kwa miguu, bodaboda zinazosimama, na wanaoingia maduka yaliyopo. Mahali pazuri mara nyingi ni karibu na mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda au bomba la maji, kwa sababu pale mtu husimama na kusubiri. Barabarani ambapo magari yanapita bila kusimama utauza vumbi.

Ukipanga fremu, yaani chumba cha biashara, andikeni mkataba na mwenye nyumba, na mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi. Utaje kodi, muda, na nani anagharamia matengenezo. Kisa cha kila siku ni mpangaji kupiga sakafu na kuweka mlango wa chuma, kisha mwenye nyumba anapandisha kodi au anataka fremu yake. TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA) bila malipo. Leseni ya biashara ni ya halmashauri. Kwa mgahawa, muone bwana afya kabla ya kujenga, siyo baada ya kujenga. Ataangalia choo, maji ya kunawa, sakafu inayosafishika na vipimo vya afya vya wanaopika na kuhudumia. Mzani lazima uwe na alama ya Wakala wa Vipimo.

Sasa mtaji. Tuseme una shilingi 1,500,000. Shelfu na marekebisho visizidi 200,000, karatasi za serikali tenga 100,000, bidhaa 900,000, na 300,000 zilizobaki usiziguse: ndizo za kujazia mzigo wiki ya tatu, wakati sukari imekwisha lakini dawa za meno bado zimejaa. Maduka mengi ya kijijini hufa hapo hapo. Mtaji umelala kwenye vitu vinavyotoka polepole, na mteja anayekuta sukari haipo mara mbili hahesabu tena duka lako.

Tuangalie gunia moja la sukari la kilo 50, kwa bei za mfano. Umenunua mjini 140,000, nauli ya gari 3,000, vifungashio 2,000, jumla 145,000. Ukipima robo robo, kilo moja hivi hupotea kwa kumwagika na kwa mkono mzito, zikabaki 49. Ukiuza kila kilo kwa 3,200 unapata 156,800. Faida ni 11,800. Jirani mmoja akikopa kilo nne asilipe, 12,800 imeondoka, na faida ya gunia zima imekwenda nayo. Kwa hiyo weka kiwango cha mkopo kabla ya kufungua mlango: nani anakopeshwa, mwisho shilingi ngapi, na analipa lini. Mkulima mwaminifu anaweza kusubiriwa hadi mnada; jumla ya madeni yote isizidi sehemu moja ya kumi ya mtaji. Sukari ya nyumbani kwako nayo iandikwe kwenye daftari, kwa bei uliyonunulia.

Mafuta ya taa, sabuni na viuatilifu vikae mbali na unga na mchele, kwani unga hunywa harufu na ukishanuka hauuziki. Magunia yakae juu ya chaga, yaachane na ukuta kiasi cha mkono kupita, ili panya wasipate maficho. Mzigo wa zamani utoke kwanza. Soda hutaka mtaji wa aina yake: kreti moja ni chupa 24, na bila chupa tupu za kubadilisha utalipia chupa pia.

Uwakala wa fedha za simu unalipa sana katika vijiji hivi, ila unahitaji kuelewa mwendo wake. Malipo ya korosho hupitia akaunti, hivyo msimu ukifika kila mtu anakuja *kutoa*. Unamkabidhi noti, unapokea floti, yaani salio la kwenye simu ya uwakala, na kufikia saa 5 asubuhi droo iko tupu huku simu imejaa. Wiki za malipo jipange uwe na taslimu nyingi, na mkubaliane mapema na wakala mkubwa wa mjini au muuza jumla anayepokea floti yako. Miezi ya njaa mambo hugeuka: wenye watoto shuleni wanatuma, na unahitaji floti. Fedha hii iwe na droo yake na daftari lake, isichanganyike na ya duka.

Mgahawa uanze mdogo: chai na chapati asubuhi, chakula kimoja mchana. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati 10 hadi 12. Kilo ya mchele sahani sita au saba. Kilo ya maharage kama sahani 10. Maharage yalowekwe usiku, la sivyo mkaa utakula faida. Kwa walaji 40 tenga ndoo nane hadi kumi za lita 20, kwani kuosha vyombo humaliza maji mengi kuliko kupika. Siku ya kawaida pika pungufu kidogo ya unachotarajia. Siku ya gulio ongeza, ila chakula cha jana usikipashe na kukiuza kama cha leo. Kijijini habari hiyo hufika kitongoji cha mwisho kabla ya magharibi.

Vyumba vya wageni vije mwisho. Wanaolala ni wanunuzi wa mazao, mafundi na watumishi wanaopita, na wengi huja msimu. Viwili vinatosha kwanza: chandarua kisichotoboka, kitasa kinachofunga, ndoo ya maji, taa ya sola na daftari la wageni. Ongeza cha tatu pale tu ambapo daftari hilo linaonyesha umerudisha wageni kwa kukosa nafasi hata nje ya msimu.