Kabla hujaidai benki irudishe makato Uskoti, weka haya sawa kwanza

Watu wengi wakishaona benki imewakata ada wanatafuta barua ya mfano mtandaoni, wanajaza jina, wanatuma. Shida ni kwamba zile barua karibu zote zimeandikwa kwa sheria ya England, na kama wewe unaishi Glasgow, Dundee au Aberdeen zinakupoteza mapema sana, maana zinakwambia una miaka 6. Uskoti huna miaka 6, una 5. Sheria ni Prescription and Limitation (Scotland) Act ya 1973, na ni kali kuliko watu wanavyodhani, miaka 5 ikipita deni lenyewe (hela unayoidai benki) linakufa, sio kwamba benki inapata tu kisingizio cha kujitetea. Na kila makato yana tarehe yake, kwa hiyo ya Machi yanaweza kuwa yamekufa ila ya Juni bado yako hai. Halafu hili naomba ulishike kweli: kulalamika benki hakusimamishi huo muda, wala usitegemee kwamba kwenda kwa ombudsman (msuluhishi wa malalamiko ya huduma za fedha) kutausimamisha. Kinachosimamisha ni kesi kufunguliwa na benki ikapelekewa, au benki yenyewe ikiri kwa maandishi kwamba inadaiwa. Kwa hiyo kabla ya barua yoyote, kabla ya hasira, jua tarehe zako.

Tarehe utazipata kwenye steitimenti, na kama huna, iandikie benki kudai taarifa zako chini ya sheria ya kulinda taarifa binafsi, ni bure na wana mwezi mmoja kujibu, ingawa wanaweza kuongeza muda ombi likiwa gumu. Usiombe steitimenti peke yake, omba na orodha ya makato yote na kumbukumbu za simu ulizowapigia, kwa sababu kama uliwahi kuwaambia, mfano, umeachishwa kazi, siku hiyo huwa imeandikwa mahali. Zikifika, kaa na kalamu, kila makato mstari wake: tarehe, kiasi, jina ambalo benki imeyapa, na nini kilisababisha. Mfano kadi ya mkopo, malipo ya mwezi yamegoma kwa sababu akaunti ilikuwa tupu, ukakatwa £12 ya kuchelewa, hiyo £12 yenyewe ikakuvusha juu ya kikomo cha kadi, ukakatwa £12 nyingine. Ukiona mnyororo wa namna hiyo uchoree mstari mwekundu, makato yanayozaa makato ndo yanaonesha shida yako vizuri kuliko maneno yako yote.

Sasa aina ya makato, hapa ndo wengi wanaangukia. Ile hoja ya zamani kwamba ada ya ovadrafti (kutumia hela zaidi ya iliyomo kwenye akaunti) ni kubwa mno ukilinganisha na gharama ya benki ilipigwa chini na Mahakama ya Juu ya Uingereza tarehe 25 Novemba 2009, kesi ya Office of Fair Trading (mamlaka ya biashara ya haki ya wakati huo) dhidi ya Abbey National na benki nyingine, walisema ada zile ni sehemu ya bei ya huduma kwa hiyo ukubwa wake haupimwi kwa ile sheria ya masharti yasiyo ya haki. Ukiibeba hoja hiyo leo utajibiwa kwa aya moja. Tena tangu Aprili 2020 msimamizi wa huduma za fedha, FCA, amefuta zile ada za kila siku na kila mwezi za ovadrafti, inatozwa riba tu, na ada ya malipo yaliyogoma lazima iendane na gharama halisi. Ukijumlisha na ile miaka 5, ada za mtindo wa zamani mahakamani zimeshakufa.

Kinachobaki hai ni kingine, na kwa maoni yangu kina nguvu zaidi: ovadrafti yenye riba ya karibu 40% kwa mwaka ambayo hujawahi kutoka, mwezi baada ya mwezi mshahara unaingia unamezwa, na benki inaona. Benki zina wajibu wa kuwatambua wateja wanaoishi ndani ya ovadrafti na kuwasaidia, kwa hiyo swali lako ni mliniona lini na mlifanya nini. Hapo ushahidi wa hali yako ndo kila kitu, barua za kodi ya nyumba, Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), hospitali, zipange kwa tarehe sambamba na makato.

Benki inapewa wiki 8 kujibu malalamiko, baada ya jibu la mwisho una miezi 6 kwenda Financial Ombudsman Service (ndo ombudsman niliyemtaja), ni bure na Uskoti inahusika. Kama kuna makato yanakaribia miaka 5 usisubiri huko, kuna Simple Procedure (utaratibu rahisi wa madai madogo) kwenye Sheriff Court (sheriff hapa ni jaji, sio polisi), madai hadi £5,000, bila wakili, unaruhusiwa kwenda na mtu wa kukusaidia. Ada ya kufungua inapanda dai likizidi £300 ila wenye kipato kidogo wanaweza kusamehewa. Uliza mapema pia ukishindwa utalipa kiasi gani gharama za benki. Na ombudsman kwa kawaida hagusi jambo ambalo mahakama imeshaliamua, kwa hiyo chagua kwa makini. Citizens Advice (shirika la ushauri) wanasaidia bure, na Glasgow kuna Govan Law Centre (kituo cha sheria) ambao walipambana sana na makato haya, kwa nini ugawane hela yako na kampuni inayodai kwa niaba yako na kuchukua asilimia.

Kabla hujatuma chochote fungua akaunti ya kawaida isiyo na ovadrafti kwenye benki nyingine isiyo ya kundi hilohilo, hamishia mshahara na bili, maana benki unayoidai inaweza kuchukua hela iliyoko kwako kufidia deni lako kwao, na inaweza kuifunga akaunti.

Ndugu zetu waliofika kutoka Kongo au Burundi, nawaomba msirundike barua za benki kwenye droo kwa sababu Kiingereza chake ni kigumu, mpeni mtu mnayemwamini awasomee wiki ileile.

Na wakikupa ofa, soma kama imeandikwa kwamba ndo malipo ya mwisho na huna dai lingine, halafu uliza kwa maandishi hela inaingia wapi, kwa sababu wanaweza kuitumia kupunguza ileile ovadrafti, na kama una kodi ya nyumba inadaiwa unaweza kuomba iende akaunti mpya.