Kuhamia Nala kwenye kompyuta za Debian na Ubuntu

Anayetunza kompyuta za Debian au Ubuntu (mifumo endeshi ya Linux) katika saiba ya Mwembe Tayari, Mombasa, na kulipia bando kutoka mfukoni mwake, ana sababu ya kujaribu Nala, amri ya kuweka na kuondoa programu, kwani hupakua vifurushi (faili za programu) kadhaa kwa pamoja na huonyesha, kabla hujakubali, jedwali la kitakachowekwa, kitakachoondolewa na ukubwa wake. Nala hukaa juu ya apt, zana ya kawaida ya kazi hiyo kwenye mifumo hii, na kutumia hifadhidata ileile. Kwa hiyo apt usiifute kamwe.

Andika `sudo apt update`, kisha `sudo apt install nala`. Debian 12 tayari inayo kwenye hazina yake ya programu. Halafu endesha `sudo nala fetch`, ambayo hupima muda wa seva mbalimbali zinazotoa vifurushi kuitika na kukuachia uchague. Ukiwa Mombasa, usidhani kwamba seva iliyo karibu kwenye ramani ndiyo ya haraka, fuata vipimo. Chaguo lako huhifadhiwa katika `/etc/apt/sources.list.d/nala-sources.list`, na ukiifuta faili hiyo unarudi ulipokuwa.

Kwangu, faida kubwa zaidi ni `nala history`: kila shughuli hupewa namba, na `sudo nala history undo 4` huondoa programu zilizowekwa katika shughuli namba 4. Yaliyofanywa moja kwa moja kwa apt hayaingii humo.