Kijana anataka kukaa chini chumbani? Godoro kuukuu linatosha

Wenzangu wa Tabora wenye kijana wa sekondari anayetaka kukaa chini na rafiki zake: msikimbilie ile mito mikubwa ya duara iliyojaa punje za plastiki. Punje zikishasagika, mto unalegea kama mfuko mtupu. Mpelekeeni fundi godoro la zamani la sponji alikate vipande vya mraba, sentimita 60 kwa 60, unene usipungue 10. Bonyezeni kwa kiganja kabla ya kukata. Mkihisi meza upande wa pili, sponji hiyo imekwisha.

Mito ya kuegemea jazeni sufi. Ni nyepesi na hainywi maji kirahisi kama pamba, ila inashika moto upesi, kwa hiyo mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma vikae mbali.

Foronya ziwe za kitambaa kizito, tena za zipu, maana vumbi la kiangazi cha huku mnalijua. Chini tandikeni mkeka. Mvua zikianza Novemba, visimamisheni vipande ukutani kila asubuhi, visije vikaota ukungu upande wa saruji. Rangi mwachieni mwenyewe, hata akichagua nyeusi.