Shimo la maji machafu lisilokauka ndilo linaloua tilapia zenu

Acheni kuchimba shimo refu kama la choo kwa ajili ya maji ya jikoni na ya kuoga. Ninawaandikia nyinyi wenye mabwawa ya samaki katika mabonde ya Bukavu, Kabare na Walungu, hapa Kivu Kusini, kwa sababu kosa hili linarudi kila msimu wa mvua.

Maji ya sabuni hamyaelekezi tena moja kwa moja bwawani. Vizuri. Lakini wengi mmechimba shimo la mita mbili ukingoni mwa bwawa, mkalijaza mawe na udongo mwekundu, mkapanda mgomba mmoja juu yake, mkaona kazi imekwisha. Shimo hilo halikauki hata siku moja, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Udongo wetu mwekundu una chuma kingi. Ukiwa na hewa, chuma hicho hukamata fosforasi (kirutubisho cha mimea) iliyomo kwenye maji machafu na kuishikilia. Mnakijua kisa hiki shambani: mbolea ya fosforasi mkitia kidogo, udongo unaimeza kabla mahindi hayajaipata. Sasa udongo huohuo ukizama majini siku baada ya siku, hewa inaisha, chuma kinabadilika na kuyeyuka, na fosforasi inaachiliwa. Iliyokusanywa kwa miezi inateremka bwawani.

Nendeni mtazame pale maji yanapochuruzika kutoka chini ya shimo. Mkikuta ute wa rangi ya kutu, na juu ya maji utando unaong'aa mithili ya mafuta, uguseni kwa kijiti. Mafuta hujikusanya tena. Utando wa chuma huvunjika vipandevipande. Ukivunjika, chuma kinatoka, na fosforasi inatoka nacho. Chimbueni kidogo kwa panga: udongo uliokuwa mwekundu umegeuka kijivu na unanuka mayai mabovu.

Mwani ukishiba fosforasi hufunika bwawa. Mchana hutoa oksijeni, usiku huitumia, na kabla ya jua kuchomoza tilapia wanahema juu ya maji. Mwani wa rangi ya kijani-bluu unaweza pia kutoa sumu inayodhuru ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Mbuzi wasinywe hapo.

Badala ya shimo, chimbeni mifereji miwili inayokata mlima, kama ile ya kuzuia mmomonyoko. Kina ni sentimita 60. Nimesema sentimita, siyo mita! Rudishieni udongo mwekundu uliovunjwavunjwa hadi kimo cha sentimita 40, msiukanyage, kisha jazeni 20 za juu kwa majani makavu. Maji yapite chini ya majani. Pandeni migomba na mateke (magimbi) kandokando. Mnapovuna, mnaondoa fosforasi pamoja na mavuno.

Eneo la mfereji, hesabuni bidoni moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Nyumba inayomwaga bidoni sita inahitaji mfereji wa mita 6 kwa mita 1, na wa pili wa kipimo hichohicho. Siku ya kufua msimwage yote kwa mkupuo. Gawanyeni kutwa nzima.

Mfereji mmoja unafanya kazi wiki moja, mwingine unapumzika wiki moja. Jumatatu asubuhi mnaziba mdomo wa huu na kufungua wa ule. Yupo atakayesema "tumesahau, lakini bado unanyonya maji." Kunyonya maji siyo kushika fosforasi. Msiporuhusu hewa irudi udongoni, mmejenga lile shimo la zamani kwa umbo jipya.

Kaeni mita 30 kutoka bwawani. Mwezi wa Aprili, mvua zikiwa nyingi, chimbeni shimo la jaribio: maji yakitokea kabla ya mita moja na nusu, sogeeni juu zaidi. Mifereji yenyewe ichimbwe Julai au Agosti, udongo ukiwa mkavu, iwe tayari kabla ya mvua za Septemba.

Na wale wanaokojoa wakiwa wanaoga: zaidi ya nusu ya fosforasi inayotoka mwilini iko kwenye mkojo. Uwekeni kwenye bidoni yenye kifuniko, changanyeni sehemu moja na tano za maji, mwagieni migomba na mfukie kwa udongo. Kwenye mboga, acheni mwezi mmoja kabla ya kuvuna.

Mwani bwawani ukiwa wa kiasi, kiganja kinaanza kupotea machoni mkono ukizama hadi kiwiko.

Shimo la zamani msilipasue kuelekea bwawani, hata likinuka. Zuieni maji yasiingie tena, liacheni likauke kiangazi chote, kisha chimbueni udongo wake mkautandaze kwenye shamba la migomba lililo mbali na bwawa, na muufunike kwa majani kabla mvua haijaukokota.