Somo: Uji wa mchele wa nazi na viungo, kwa wanaouliza kila wiki kwa nini tui linakatika

Haya, naandika mara moja tu. Atakayenifuata faragha kuuliza tena nitamrudisha hapa hapa. Uji huu tunaokunywa asubuhi kwa maandazi au mihogo ya kuchemsha huku Tanga hauna siri yoyote, una masharti. Sharti kubwa liko hatua ya 6, na ninyi mnaoniletea picha za uji wenye mafuta yanayoelea ndilo mliloliruka.

Vipimo ni vya watu watano au sita. Kikombe ninachosema ni cha robo lita.

Chenga za mchele kikombe 1. Nazi kubwa 1. Maji ya kupikia vikombe 4. Sukari nusu kikombe, onja kisha ongeza. Iliki punje 8. Pilipili manga nusu kijiko cha chai. Mdalasini kijiti kimoja. Tangawizi kipande kama dole gumba. Chumvi kidogo, na msiidharau, bila chumvi sukari yote hiyo inapooza.

1. Chagua mawe, osha mchele mara mbili, loweka nusu saa. Usiuoshe mpaka maji yawe meupe pee kama wa pilau. Wanga unaoumwaga ndio unaofanya uji ushikane.

2. Ikune nazi. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua kwenye kifumbu au kitambaa safi: hilo ndilo tui zito, weka pembeni. Rudishia machicha vikombe vitatu vya maji, kamua tena: tui jepesi. Msichanganye.

3. Twanga iliki na pilipili manga, kila kimoja peke yake. Ponda tangawizi.

4. Bandika mchele na maji, mdalasini na tangawizi. Ukichemka, punguza moto. Koroga kila baada ya dakika chache na mwiko ufike chini kabisa, maana chenga hulala kwenye kitako cha sufuria na kushika. Baada ya dakika 20 hadi 25 bonyeza punje kwa vidole. Ikiwa na kiini kigumu, bado.

5. Mimina tui jepesi, acha utokote dakika 10. Tia sukari, chumvi na pilipili manga. Hapa uji ukichemka hauna neno, tui jepesi lina mafuta machache na wanga wa mchele unayashika.

6. Tui zito. Hapa someni kwa utulivu.

Punguza moto mpaka mwisho. Kama ni jiko la mkaa, toa makaa au epua sufuria kwanza. Chota upawa mmoja wa uji, uchanganye ndani ya bakuli la tui ili tui lizoee joto. Kisha limimine polepole huku mkono wa pili unakoroga upande mmoja bila kusimama. Usifunike. Usiende kufungua mlango, wala usipokee simu. Uji ukianza kutoa mvuke na kutikisika pembeni, kabla haujatokota, epua. Tui ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na protini ya nazi. Moto ukizidi protini inaganda, inayaachia mafuta, na mafuta yanapanda juu. Nimeshawahi kuharibu sufuria nzima ya futari kwa kugeuka kidogo tu, ndiyo maana nasema sana. Na tahadhari nyingine mbili. Tui lililolala nje ya friji limeshaanza kuchacha, litakatika hata moto ukiwa mdogo. Na asiwepo mtu wa kukamulia ndimu kwenye sufuria. Anayeitaka akamulie kwenye bakuli lake.

7. Tia iliki, toa kijiti cha mdalasini, acha utulie dakika tano. Iliki inaingia mwisho kwa sababu harufu yake inapotea na mvuke. Ukiitia mwanzo, majirani watainusa na wewe utakunywa uji mtupu.

MASWALI

Bachela wa Mbagala: Naweza kutumia mchele wowote?

Jibu: Chenga. Imeandikwa kwenye vipimo.

Bachela wa Mbagala: Sina chenga, nina basmati.

Jibu: Basmati kazi yake ni punje kuachana, na wewe unatafuta punje zishikane. Nenda dukani kaka, chenga ni bei rahisi kuliko huo mchele wako. Ukikosa kabisa, chukua mchele wa kawaida, wa Kyela au Kilombero, uloweke kisha uutwange kidogo kwenye kinu upasuke vipande viwili vitatu. Mchele mpya wa msimu ni mzuri zaidi, unanata.

Shoga wa Ngamiani: Wangu umekatika. Nimefuata kila kitu.

Jibu: Ulitokota baada ya tui zito?

Shoga wa Ngamiani: Kidogo tu, ili uive vizuri.

Jibu: Basi hukufuata kila kitu, shoga. Mchele ulishaiva hatua ya 4, tui haliivi. Ila usimwage. Koroga kijiko kimoja cha unga wa mchele kwenye maji baridi, mimina, pekecha kwa nguvu juu ya moto mdogo dakika tatu. Unga utayashika mafuta mengi. Hautarudi kama mwanzo, lakini unanyweka.

Mwanafunzi wa Jiko: Samahani dada, kwa nini sukari isitiwe mwanzoni pamoja na mchele? Mama yangu hutia mwanzo na uji wake huchukua muda mrefu.

Jibu: Swali zuri, na jibu umelibeba mwenyewe. Wanga wa mchele unahitaji maji na joto ili uvimbe na kupasuka. Sukari nayo inayataka maji hayo hayo. Ikiingia mapema inayashika, punje inachelewa kuvimba na inahitaji joto zaidi. Halafu uji wenye sukari tangu mwanzo unashika na kuungua chini upesi. Mama asibadili kitu ila hapo tu, mwambie kwa adabu.

Mwanafunzi wa Jiko: Ahsante sana. Na tukikosa nazi, maziwa ya ng'ombe yanafaa? Nilijaribu, nikatia tangawizi mwishoni, yakagandana.

Jibu: Yanafaa, shida ni hiyo tangawizi ya mwishoni. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa. Kule Guangdong, China, wanakitumia makusudi: wanamimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, yanaganda yanakuwa kitamutamu laini. Wewe hutaki hivyo. Tangawizi ichemke na mchele kuanzia mwanzo kama nilivyoandika, joto linakiua kimeng'enya hicho, kisha maziwa yaingie.

Mzee wa Shangani: Huu si uji. Unguja uji ni wa pilipili manga, na ni wa unga.

Jibu: Shikamoo mzee. Kichwa cha somo kinasema uji wa mchele wa nazi. Wa unga wa pilipili manga naujua, naupika Ramadhani na naupeleka kwa wazazi waliojifungua, wala sijasema huu ndio ule. Kwa wanaoutaka: unga wa mchele ukorogwe na maji BARIDI kwanza, ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka, la sivyo ni madonge. Pilipili manga iwe mara mbili ya hii yangu.

Mzee wa Shangani: Marahaba. Mara tatu.

Mama Kichanga: Mwanangu ana miezi saba, nimpe kikombe kimoja au nusu?

Jibu: Usimpe huu, mama. Una sukari, chumvi na pilipili manga, haumfai kabisa. Wake upike kando bila hivyo vyote, na kuhusu kiasi muulize mhudumu wa kliniki unakompeleka kupimwa uzito. Na kwa wenye kisukari: mchele ulioiva mpaka kupasuka unapandisha sukari haraka hata usipotia sukari, msijidanganye.

Niko Muscat: Bi dada, mimi sina mbuzi wala kifumbu, natumia tui la kopo. Nifanyeje na hesabu ya zito na jepesi?

Jibu: Rahisi. Usilitikise kopo. Chota lile zito lililoganda juu, hilo ni la hatua ya 6. Lililobaki chini ongeza maji mpaka vikombe vitatu, la hatua ya 5. Mengi ya makopo yana vitu vya kulishikanisha tui kwa hiyo hayakatiki upesi, ila ladha yake imepooza. Ukipata nazi nzima, ikate vipande, tia kwenye blenda na maji ya vuguvugu, chuja kwa kitambaa. Mbuzi si lazima.

Mpenda Vitumbua: Nazi ninazonunua zinakuwa zimeoza ndani. Mnachaguaje?

Jibu: Itikise, usikie maji. Isiyo na mlio imepasuka au imekauka. Angalia yale macho matatu, yakiwa na unyevu au ukungu iache hata muuzaji aape. Halafu ukiivunja onja maji yake kabla hujakuna. Yakiwa na uchachu, usijitese.

Bachela wa Mbagala: Umeungua chini. Nimekwangua nikachanganya, sasa wote unanuka moshi.

Jibu: Kaka. Uji ukishika chini haukwanguliwi. Unamimina wa juu kwenye sufuria nyingine, ukoko unauacha. Huo umeshapotea. Sufuria jaza maji na machicha ya nazi, acha usiku kucha, asubuhi usugue.

Mpenda Vitumbua: Uliobaki unawekwaje?

Jibu: Ukipoa tu uingie kwenye friji, usilale jikoni, mchele ulioiva ukikaa kwenye joto unaota vijidudu ambavyo kuupasha moto tena hakuondoi sumu yao. Kesho utakuwa umeganda. Ongeza maji, si tui, upashe kwa moto mdogo. Na ukibaki kidogo tu, nusu kikombe hivi, usitupe, uchanganye kwenye mchele uliosagwa wa vitumbua kabla ya kuumuka. Vinakuwa laini mpaka siku ya pili.

Mpenda Vitumbua: Hamira kiasi gani?

Jibu: Vitumbua ni somo jingine, nitaliandika Jumamosi.